Kurekodi na Kumiksi Magitaa ya Dansi Nyumbani

Katika muziki wa dansi, gitaa ndilo linalobeba wimbo. Bendi ya kawaida huwa na solo, ridhimu na besi, na nyingi huongeza solo ya pili, ambayo Wakongo huiita mi-solo, ili kujaza nafasi iliyo kati ya solo na ridhimu. Magitaa haya hupigwa kwa wakati mmoja, mara nyingi bila kupumzika tangu utangulizi hadi mwisho wa sebene, sehemu ambayo mwimbaji huyaachia magitaa. Katika rekodi safi, msikilizaji huweza kulifuata gitaa moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaurudia wimbo akifuata jingine. Katika rekodi chafu magitaa yote huwa uji: yapo, yanasikika, lakini hakuna anayeweza kusema lipi linafanya nini.

Sehemu kubwa ya usafi huo hupatikana kabla ya kitufe cha kurekodi kubonyezwa. Rekodi nyingi za rumba na dansi za miaka ya 1960 zilitolewa kwa mono, yaani hakukuwa na kushoto wala kulia pa kutenganishia ala. Mkongo Docteur Nico akipiga solo na kaka yake Dechaud akiwa nyuma yake, kwanza katika bendi ya African Jazz na baadaye African Fiesta, kila mmoja husikika mahali pake ingawa sauti zote hutoka katika spika moja. Bendi za Tanzania zilizorekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kama Mlimani Park, Vijana Jazz na Maquis, zilipiga kwa pamoja chumbani, na mpangilio wa magitaa ulikuwa umeshakamilika katika mazoezi na kumbini. Anayerekodi nyumbani leo kwa kompyuta ana vifaa vya kusahihisha ambavyo wapigaji hao hawakuwa navyo. Vifaa hivyo husaidia pale tu mpangilio wenyewe ulipo sawa, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye shingo ya gitaa.

Kugawana shingo ya gitaa

Katika gitaa lililotuniwa kwa kawaida, uzi wa sita, ulio mnene kuliko yote, hutoa noti ya takriban 82 Hz ukipigwa wazi. Uzi wa tano hutoa 110 Hz na uzi wa kwanza 330 Hz. Uzi huo wa kwanza ukibanwa freti ya 12 hufika 659 Hz. Besi huanzia chini zaidi, kwenye 41 Hz. Magitaa matatu yakishika kodi ileile katika freti tatu za mwanzo, yote matatu hurundika nguvu zao kati ya 100 na 400 Hz, eneo ambalo sauti za waimbaji wa kiume na noti za juu za besi nazo hulihitaji. Hakuna ikwalaiza itakayoyatenganisha baadaye, kwa sababu noti zenyewe ni zilezile.

Mgawanyo mzuri huonekana vizuri katika wimbo wa ufunguo wa C. Ridhimu hushika C, F na G karibu na kichwa cha gitaa. Solo ya pili hubana kapo, kile kibano cha kushika nyuzi zote, kwenye freti ya 5 na kutumia maumbo ya G, C na D, ambayo kwa kapo hiyo hutoa C, F na G zilezile, ila kwa nyuzi fupi na sauti nyembamba zaidi. Solo huhamia kati ya freti ya 8 na ya 15, ambako uzi wa kwanza hutoa C ya 523 Hz kwenye freti ya 8 na G ya 784 Hz kwenye freti ya 15. Magitaa matatu sasa yanapiga kodi moja kwa wakati mmoja bila kukanyagana, na hakuna hata kifaa kimoja cha kumiksi kilichotumika.

Wakati nao hugawanywa. Ridhimu ikishika mdundo kwa mipigo mifupi inayozimwa kwa kiganja, mwanya hubaki kati ya pigo na pigo, na solo ya pili huingiza humo mzunguko wake wa noti nne au nane. Kosa linaloharibu rekodi nyingi ni kuacha kila noti iendelee kulia mpaka ijifie yenyewe. Noti iliyokwisha kazi yake izimwe, kwa kulegeza kidole cha kushoto au kwa kuweka ukingo wa kiganja cha kulia karibu na daraja. Kwa sehemu zisizotumia nyuzi wazi kabisa, kama solo ya sebene, kipande cha soksi au lastiki ya nywele ikifungwa kwenye freti ya 1 huzima nyuzi zinazotetema bila kuguswa. Ukumbini mtetemo huo hausikiki. Kwenye hedifoni husikika kama ukungu nyuma ya kila noti.

Kuandaa gitaa lenyewe

Nyuzi zilizochoka hupoteza makali ya juu, na makali yaliyopotea kwenye uzi hayarudishwi kwa ikwalaiza: kinachoongezeka ni mchakacho wa vidole na mvumo. Mwambao, ambako hewa ina chumvi na unyevu, nyuzi huota kutu haraka, kwa hiyo ni busara kuzipangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga na kuweka seti mpya siku moja kabla ya kurekodi. Siku hiyo moja ina sababu. Uzi mpya huendelea kuvutika na kushuka sauti. Ukivutwa taratibu kwa mkono, ukatuniwa upya mara kadhaa na kulala usiku mmoja, hutulia.

Baada ya kutuni, freti ya 12 ikaguliwe. Uzi huguswa juu ya freti ya 12 bila kubanwa ili utoe ile sauti nyembamba ya kengele, kisha hubanwa palepale na kupigwa kawaida. Kipimo cha kutunia kionyeshe noti ileile mara zote mbili. Noti iliyobanwa ikiwa juu, kiti cha uzi huo kwenye daraja husogezwa nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, husogezwa mbele. Kazi hii huhitaji bisibisi na dakika chache, na ni muhimu zaidi katika dansi kuliko katika mitindo mingine mingi, kwa kuwa solo hupigwa juu ya shingo wakati ridhimu iko chini. Gitaa lisilopatana na lenyewe katika freti ya 12 litagombana na ridhimu wimbo mzima, na msikilizaji atasema rekodi haiko wazi ilhali tatizo ni tuni.

Urefu wa pikapu nao utazamwe. Pikapu iliyoinuliwa karibu mno na nyuzi huzivuta kwa sumaku yake, na noti za nyuzi nene huanza kuyumba. Nafasi ya milimita 2 hivi kati ya pikapu na uzi, nyuzi zikiwa zimebanwa kwenye freti ya mwisho, ni mahali pazuri pa kuanzia. Magitaa yote yatumie kipimo kimoja cha kutunia, na tuni irudiwe kila kabla ya kurekodi sehemu mpya.

Kuchagua pikapu ni hatua ya kwanza ya kumiksi. Pikapu ya karibu na daraja hutoa sauti kali na nyembamba inayokata. Ya karibu na shingo hutoa sauti nene na ya duara. Kwenye magitaa ya aina ya Stratocaster, iliyoingia sokoni mwaka 1954, pikapu ni tatu, na swichi ikiwekwa kati ya mbili hupatikana sauti yenye uwazi unaopendeza sana kwa solo ya pili. Ridhimu ikipigwa kwa pikapu ya shingo, solo ya pili kwa mchanganyiko wa mbili, na solo kwa ya daraja, tayari kuna rangi tatu tofauti hata kama gitaa lililopo nyumbani ni moja tu.

Waya, kadi ya sauti na umeme

Pikapu za kawaida zisizotumia betri hutoa mawimbi dhaifu, na huhitaji kuingia kwenye tundu lililotengenezwa kwa ajili ya gitaa. Kadi nyingi za sauti zina kitufe au tundu lililoandikwa «Inst» au «Hi-Z», lenye ukinzani wa takriban megaohmu 1. Gitaa likichomekwa kwenye tundu la kawaida la kinanda au redio, ambalo ukinzani wake huwa karibu na kiloohmu 10, pikapu hulemewa na makali yake ya kati ya 2 na 5 kHz hupotea. Sauti inayotoka huwa kama imefunikwa blanketi, na wengi hulilaumu gitaa. Waya mrefu nao hula makali kidogokidogo, kwa hiyo waya wa mita 3 unafaa kuliko wa mita 10 pale ambapo mpigaji ameketi mbele ya kompyuta.

Programu iwekwe kurekodi kwa biti 24, kwa 44.1 au 48 kHz. Kwa biti 24 hakuna haja ya kusukuma sauti hadi karibu na ukomo. Mpigaji apige sehemu yenye nguvu kuliko zote kwa nguvu atakayoitumia kweli, si kwa kugusagusa, na kitufe cha kiwango kipandishwe mpaka vilele vifike kati ya −12 na −10 desibeli. Sauti iliyopasuka wakati wa kuingia haitengenezeki. Iliyoingia chini kidogo huongezwa bila hasara.

Mvumo wa umeme ni adui wa nyumbani zaidi kuliko wa studio. Umeme wa Afrika Mashariki hutembea kwa 50 Hz, na mvumo wake husikika kwenye 50, 100 na 150 Hz na kuendelea juu. Pikapu ya koili moja huunasa kutoka kwenye transfoma, taa za kupunguzwa mwanga, chaja na UPS. Tiba ya kwanza haina gharama. Mpigaji avae hedifoni, aongeze sauti, kisha azunguke polepole kwenye kiti chake akiwa ameshika gitaa: kuna pembe ambayo mvumo hushuka ghafla, na hapo ndipo kiti kiwekwe alama. Pikapu za koili mbili, zilizobuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, hufuta mvumo huu zenyewe, na baadhi ya Stratocaster hufanya vivyo hivyo swichi ikiwa katikati ya pikapu mbili. Laptopu iking'olewa chaja na kutumia betri, mlio mwembamba wa kompyuta mara nyingi hukoma papo hapo. Simu zikae mbali au ziwekwe katika hali ya ndege, kwa sababu pikapu hunasa ule mlio wa simu inapotafuta mtandao.

Kuna njia ya mkato ambayo haifai kabisa: kukata pini ya waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Ethi ipo kulinda uhai wa mtu aliyeshika nyuzi za chuma zilizounganishwa na amplifaya hiyo. Mvumo uvumiliwe kuliko kuiondoa.

Moja kwa moja au kupitia amplifaya

Njia rahisi nyumbani ni kurekodi gitaa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti na kuiachia programu iige amplifaya na spika. Kuiga spika ni muhimu kuliko kuiga amplifaya. Spika ya gitaa ya kweli hushuka kwa kasi kuanzia karibu na 5 kHz, na masikio yamezoea gitaa la umeme lenye ukomo huo. Sauti ghafi ikiachwa bila spika ya kuigwa, hasa ikiwa na msuguano (distortion) wowote, hubaki na mchakacho wa juu unaochosha. Kwa gitaa safi la dansi amplifaya ya kuigwa iwekwe karibu bila msuguano. Kiasi kidogo cha joto kinaruhusiwa kwa solo, lakini kikizidi, noti mbili zinazopigwa pamoja huzaa noti za uongo kati yake, na jozi za noti zilizoachana kwa tatu au sita, zinazopendeza katika solo ya rumba, hukwaruzana. Anayepiga roki hukutana na jambo hilohilo: kiasi cha msuguano kinachofaa rekodini huwa kidogo kuliko kile kinachofurahisha chumbani.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba sauti ghafi hubaki kwenye traki, na rangi yake huweza kubadilishwa hata baada ya mwezi. Tena inaweza kufanyika saa tano usiku bila kuamsha majirani.

Mwenye amplifaya nzuri na chumba cha kuitumia atahitaji maiki. Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, bado ni chaguo la kawaida kwa sababu huvumilia sauti kubwa na ni imara. Maiki huwekwa sentimita 3 hadi 5 mbele ya kitambaa cha spika. Ikielekezwa katikati ya koni sauti huwa kali. Kila inaposogezwa kuelekea ukingoni hulainika. Kuisogeza sentimita 2 hubadilisha sauti kuliko mizunguko mingi ya ikwalaiza, kwa hiyo inafaa mtu mmoja apige na mwingine asogeze huku akisikiliza kwa hedifoni. Nyumba ya bati bila dari hunasa mvua, na friji na feni husikika katika kila mwanya wa kimya. Magodoro mawili yakisimamishwa nyuma na pembeni ya amplifaya husaidia zaidi kuliko sponji nyembamba za kubandika ukutani, ambazo humeza makali ya juu na kuyaacha masafa ya chini yakizunguka.

Pale sauti ya maiki na sauti ghafi zinaporekodiwa pamoja, ya maiki huchelewa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo maiki iliyo sentimita 30 kutoka kwenye spika huchelewa karibu milisekunde 0.9, sawa na sampuli 42 hivi kwa 48 kHz. Zikichanganywa bila kurekebishwa, baadhi ya masafa hufutana na gitaa hupwaya. Traki moja isogezwe mpaka mawimbi yalingane, au moja iachwe kabisa, jambo ambalo mara nyingi ndilo bora.

Ucheleweshaji

Gitaa likipitia kompyuta kabla ya kufika kwenye hedifoni huchelewa. Katika programu kuna mpangilio wa bafa: sampuli 128 kwa 48 kHz ni milisekunde 2.7 upande mmoja, na 256 ni 5.3, ukiachilia mbali muda wa kadi yenyewe. Jumla ikiwa chini ya milisekunde 10, wapigaji wengi hawasumbuki, maana huo ni muda ambao sauti hutumia kusafiri mita 3.4 kutoka kwenye amplifaya. Ikizidi sana, mkono huanza kutangulia bila mpigaji kujua, na ridhimu ya dansi haina pa kuficha kosa hilo. Bafa ipunguzwe wakati wa kurekodi na kuongezwa wakati wa kumiksi. Kompyuta ikilemewa, kadi nyingi hutoa nafasi ya kulisikiliza gitaa moja kwa moja kabla halijaingia kwenye kompyuta. Sauti itakuwa kavu, lakini haitachelewa. Watumiaji wa Windows wahakikishe programu inatumia dereva ya ASIO ya kadi yao.

Kuhusu programu hakuna haja ya kusumbuka. Reaper, GarageBand kwa wenye Mac, na nyingine nyingi hufanya kila kitu kilichoelezwa hapa.

Mpangilio wa kurekodi

Mtu anayerekodi magitaa yote peke yake aanze na mdundo wa kuongoza, ama ngoma za kompyuta ama kayamba iliyorekodiwa vizuri, na sauti ya mwimbaji ya muda. Mlio wa metronomu peke yake huzaa ridhimu iliyokakamaa. Besi ifuate, kisha ridhimu, kisha solo ya pili, na solo mwishoni. Kuanza na solo, kama wengi wanavyotamani, hulazimisha magitaa mengine yajibane pembeni mwake.

Kila sehemu irekodiwe kwa vipande virefu, ubeti mzima au sebene nzima. Kurekodi mzunguko wa baa mbili na kuunakili mara arobaini ni rahisi na husikika hivyo: sebene husogea kwa sababu mpigaji hubadilisha nguvu ya mkono kidogokidogo. Mara tatu kamili kwa kila sehemu hutosha kuchagulia. Vipande vinapounganishwa, maungio yapewe mpishano (crossfade) wa milisekunde 5 hadi 10 ili yasilie, na kimya kilichopo kabla na baada ya sehemu kikatwe kwa mkono. Kifaa cha kuzima kelele kiotomatiki hukata mikia ya noti, na kwenye gitaa safi mkia uliokatwa husikika.

Kumiksi

Hatua ya kwanza ni kuiweka miksi yote katika mono na kufunga kila kifaa. Kwa kupandisha na kushusha viwango tu, itafutwe hali ambayo kila gitaa linasikika na mwimbaji yuko mbele. Kazi hii ipewe muda mrefu. Sauti ya hedifoni iwe ndogo, kiasi cha mtu kuongea juu yake, kwa maana sauti kubwa huficha makosa ya uwiano. Mahali ambapo magitaa mawili hayatengani hata viwango vikibadilishwa vipi, dosari iko kwenye mpangilio, na njia fupi ni kurudia kurekodi mojawapo likiwa juu zaidi shingoni.

Ikwalaiza hufuata, na kazi yake ya kwanza ni kupunguza. Kila gitaa hukatwa chini pale ambapo halina noti. Ridhimu inayotumia nyuzi tano za juu huanzia 110 Hz, hivyo huweza kukatwa chini ya 90 hadi 100 Hz. Solo ya pili yenye kapo hukatwa chini ya 130 hivi. Solo iliyokaa kwenye nyuzi tatu nyembamba juu ya freti ya 8 haina noti chini ya 311 Hz, kwa hiyo mkato wa 200 Hz hauigusi, bali huondoa kishindo cha mkono na mvumo wa umeme. Kila mkato ufanywe wimbo mzima ukiwa unalia. Gitaa la ridhimu likisikilizwa peke yake baada ya kukatwa huonekana jembamba na la kusikitisha. Likirudi kati ya besi na solo, hukaa sawasawa.

Baada ya hapo hutafutwa tope, ambalo kwa kawaida hukaa kati ya 200 na 400 Hz. Njia ya kulipata ni kupandisha bendi nyembamba ya ikwalaiza kwa desibeli 6 na kuipitisha polepole katika eneo hilo mpaka ifike mahali panapovimba vibaya, kisha kuishusha hapo kwa desibeli 2 au 3. Magitaa yote yasikatwe mahali pamoja. Kwa mfano, ridhimu ikipunguzwa kwenye 350 Hz na kuachiwa 180 Hz, solo ya pili ipunguzwe kwenye 220 Hz na kuachiwa 600 hadi 900. Ndipo uongezaji mdogo uruhusiwe: desibeli 2 karibu na 3 kHz kwa solo humleta mpigaji mbele, lakini eneo hilohilo ndilo la konsonanti za mwimbaji. Katika ubeti, solo ipungue hapo. Katika sebene, ambako mwimbaji ananyamaza au anarapu tu, irudi. Programu zote huruhusu mabadiliko hayo yaandikwe yafanyike yenyewe.

Kompresa hutumiwa kwa sababu gitaa safi lina kilele kikali mwanzoni mwa kila noti na mkia unaopotea haraka. Uwiano wa 3 kwa 1 hadi 4 kwa 1, ukipunguza desibeli 3 au 4 kwenye vilele, hutosha. Muda wa kuanza kufanya kazi ndio wenye siri. Ukiwa mfupi, milisekunde 1 au 2, pigo la plekta hufa na gitaa hurudi nyuma. Ukiwa milisekunde 20 hadi 30, pigo hupita kwanza na mkia ndio unaoinuliwa, na solo hupata ule mng'ao unaosikika noti baada ya noti. Muda wa kuachia uwe mfupi kiasi cha kompresa kupumzika kabla ya pigo linalofuata; kwa sebene ya haraka, milisekunde 80 ni mahali pa kuanzia. Ridhimu iguswe kidogo sana. Uhai wake uko katika tofauti ya pigo zito na pigo jepesi, na kompresa nyingi huifuta tofauti hiyo.

Sasa mono inaweza kuondolewa na magitaa yakagawanywa kushoto na kulia. Mpango unaofanya kazi mara nyingi ni ridhimu asilimia 50 kushoto, solo ya pili asilimia 50 kulia, na solo karibu na katikati, ikisogezwa asilimia 15 upande mmoja ili isimkalie mwimbaji. Besi na ngoma kubwa hubaki katikati. Kayamba au hayhati iwekwe upande usio na ridhimu, kwa kuwa zote mbili hushindania makali yaleyale ya juu. Kupeleka gitaa asilimia 100 pembeni si vizuri kwa muziki utakaochezwa kwenye baa yenye spika moja kila chumba: meza moja itasikia ridhimu tupu.

Mwangwi na riverbu huja mwisho na kwa uchache. Riverbu moja itumike kwa magitaa yote, kila gitaa likipeleka kiasi chake, ili yasikike yamo katika chumba kimoja. Urefu usizidi sekunde 1.2, kuchelewa kwa mwanzo kuwe milisekunde 20 hadi 30 ili pigo lisifunikwe, na riverbu yenyewe ikatwe chini ya 300 Hz na juu ya 5 kHz. Solo hupendeza zaidi kwa mwangwi wa kupimwa. Milisekunde 60,000 zikigawanywa kwa idadi ya mapigo kwa dakika hutoa urefu wa pigo moja: kwa mapigo 120 ni milisekunde 500, na nusu yake ni 250. Mwangwi ulioingia kwenye hesabu ya wimbo hujificha kati ya noti. Ulio nje ya hesabu huchafua ridhimu ambayo ilichukua jioni nzima kuinyoosha. Koras, inayopendwa kwa solo ya sebene za miaka ya 1980, itumike kwa kiasi kidogo, na isikilizwe tena kwa mono kwa kuwa baadhi ya koras za stereo hupungua nguvu pande mbili zinapounganishwa.

Kukagua na kutoa

Miksi ikaguliwe siku inayofuata, masikio yakiwa yamepumzika. Isikilizwe kwenye spika ya simu, kwenye gari na kwenye redio ndogo. Simu haitoi karibu chochote chini ya 200 Hz, kwa hiyo ni kipimo kikali cha magitaa: solo ya pili ikipotea humo, iongezewe kidogo kwenye 800 Hz hadi 1 kHz badala ya kupandishwa kiwango. Wimbo wa kulinganishia, uliorekodiwa vizuri na wenye idadi ileile ya magitaa, uwekwe kwenye traki ya pembeni na kushushwa mpaka ulingane kwa ukubwa na miksi, vinginevyo ulio mkubwa utaonekana bora siku zote.

Faili ya mwisho itolewe kwa WAV ya biti 24, vilele vikiachwa angalau desibeli 1 chini ya ukomo, na MP3 zitengenezwe kutoka humo. Kuisukuma miksi iwe kubwa kupita kiasi hakuna faida tena. Spotify husawazisha nyimbo kuelekea takriban −14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, na wimbo uliobanwa sana hushushwa tu, ukibaki umepoteza mapigo yake. Traki ghafi za magitaa, pamoja na faili ya mradi, zihifadhiwe mahali pawili tofauti, kila traki ikiwa na jina la ala, pikapu iliyotumika na mahali kapo ilipobanwa.